15 Desemba: siku yangu na mfumo wa maombi, Mtwara

Saa 11 alfajiri
Adhana imeniamsha kabla ya alamu. Leo ndiyo mwisho wa kutuma maombi ya uzamivu wa fizikia kwenye chuo kimoja cha Marekani. Mfumo unafungwa saa 6 kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, ambayo kwetu Chikongola ni saa 2 kasoro dakika moja kesho asubuhi. Usiku mzima wa bure!

Nafungua barua ya kujieleza. Inaanza na habari za kupenda nyota tangu utotoni. Nafuta. Kamati ya udahili ni wahadhiri wenye mafaili mamia, wanataka mtu aliyewahi kuhangaika na swali. Naanza na mradi wangu wa mwaka wa tatu: kwa nini volti ya paneli ya sola hushuka jua la saa 7 likiipasha moto. Vifaa: paneli, kipimajoto, multimita.

Saa 2 asubuhi
Tuisheni. Jiwe, uzi, saa ya simu. Vijana wanapima g, mchapuko wa mvutano wa dunia; wamepata 9.6.
"Mwalimu, tuandike 9.8 ya kitabuni?"
Andikeni mlichokiona.

Saa 5
Steshenari. GPA yangu ni 4.1 kati ya 5. Mfumo unanijibu kwa wekundu kuwa mwisho ni 4.
"Bro, weka 4 yaishe," anasema kijana wa kaunta.
Nusu saa baadaye nakuta kisanduku cha kuchagua kipimo, kimejificha chini kabisa.

Saa 8 mchana
Wali samaki kwa mama. Anauliza ada nitaitoa wapi. Namweleza: kule mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia kwa kawaida halipi ada, tena hupewa posho kwa kufundisha maabara au kumfanyia profesa utafiti. Ndiyo maana nafasi ni chache: unaweza kuwa mzuri ukakosa, kwa sababu tu kundi la utafiti unalolitaka halina fedha za mtu mpya mwaka huo. Na wanapokea hata mwenye shahada ya kwanza, bila uzamili.
"Wanakulipa usome?"
"Ndiyo, mama."
"Mh. Soma masharti vizuri."

Saa 12 jioni
Barua za mapendekezo zinatakiwa 3, zimefika 2. Mhadhiri huipandisha mwenyewe kwenye mfumo, mimi siioni. Napiga simu Dar.
"Shikamoo, Dokta."
"Marahaba. Kumbe ni leo? Basi nitaiandika usiku."
Nitaiandika. Hajasema nitaituma. Chai imenishinda.

Saa 4 usiku
Umeme umekatika. Nawasha hotspot ya simu, nasoma jina langu mara tatu, natuma. Wanaopewa nafasi yenye ufadhili huwa na hadi 15 Aprili kujibu; mimi nahesabu barua moja tu.

Saa 6 kasoro robo
Ujumbe wa Dokta: "Nimetuma. Ila wakati naandika nimekumbuka, ile multimita ya idara uliirudisha?"

Iko hapa mezani. Juzi nimepimia betri ya bodaboda ya jirani.