Nondo ya Volkswagen

Mwaka 1986 Baba alikuwa na Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, na mimi nilikuwa na ringi ya baiskeli. Vyote viwili vilitegemea nondo moja.

Beetle injini iko nyuma, buti iko mbele. Kifuniko cha injini hufunguka kwenda juu, na kwenye bawaba zake kuna springi nene inayokizuia kisishuke. Chetu hakikuwa nayo. Fundi mmoja aliichomoa siku aliposhusha injini, ikapotea humo humo gereji, akaahidi kuitafuta. Mpaka leo anaitafuta. Baba akakata kipande cha nondo, akakikunja ncha, kikawa ndicho cha kutegemezea. Bahati mbaya ncha ile iliyokunjwa ilikuwa tamu mno kwa kusukumia ringi.

Agosti tukaenda msibani Mpwapwa. Mbande tukaiacha barabara ya Morogoro, tukashika vumbi la Kongwa. Hatujafika mbali, taa nyekundu ya jenereta ikawaka. Baba akazima injini palepale, gari likaserereka lenyewe hadi pembeni. Mkanda ulikuwa umekatika. Kwenye gari lile mkanda huohuo mmoja huzungusha jenereta na feni ya kupoza injini, na kwa kuwa halina rejeta wala tone la maji, feni ikisimama injini inajipika. Wenzake walisafiri na madumu ya maji. Baba alisafiri na mkanda wa akiba chini ya kiti, na alikuwa na maringo nao.

"Nondo iko wapi?"

"Sijui, baba."

Nilijua. Ilikuwa nyuma ya banda la kuku, nyumbani Kizota, Dodoma, ilipolala ringi yangu.

"Basi shika wewe."

Nilikuwa na miaka tisa. Nikanyoosha mikono, nikakishika kifuniko juu ya kichwa cha Baba. Dakika mbili za kwanza nilijiona mwanaume. Ya tatu mabega yakaanza kuwaka. Na upepo wa Agosti kule uwandani, ambako Waingereza walikuja kulima karanga mwaka 1947 wakakimbia wenyewe, hauna huruma. Ulitoka mbele ya gari, ukapita juu ya paa, ukawa unakisukuma kifuniko kishuke.

Baba alikuwa kwenye kazi isiyotaka papara. Puli ya jenereta ina nusu mbili, katikati yake hupangwa washa nyembamba, vile vibati vya duara vyenye tundu. Ukipunguza za ndani, mkanda unakaza. Zilizobaki hazitupwi, zinavaliwa nje, chini ya nati. Mkanda ukikaza mno unakula beringi za jenereta, ukilegea unateleza. Alikuwa amechomeka bisibisi kwenye pengo la puli isizunguke, spana namba 21 mkono wa kulia, washa zimepangwa kwenye kiganja cha kushoto.

Nzi akatua jichoni pangu.

Kifuniko kilimpiga Baba kisogoni kwa mlio wa sufuria. Washa zikamwagika vumbini. Hakunipiga. Alibaki ameinama, akasema taratibu, "Washa zangu."

Tulikuwa tumepiga magoti tukichekecha mchanga kwa vidole ng'ombe walipotuzunguka. Nyuma yao mzee wa Kigogo, shuka begani. Baba akamwamkia, "Mbukwenyi," mzee akaitikia, akatazama gari, akatazama mikono yangu inayotetemeka. Hakuuliza kitu. Akachukua fimbo yake, akaisimamisha chini ya kifuniko, akaitikisa kuona kama imekaa. Ilikaa kana kwamba ilichongwa kwa kazi hiyo.

Ila mchungaji bila fimbo ana shida. Ng'ombe wakaanza kutawanyika kuelekea kwenye shamba la mtu, mzee akawa anawapigia miluzi huku jicho liko kwenye fimbo. Nikatumwa mimi. Nusu saa nzima nilikimbizana na ng'ombe nisiowajua, nikiwarushia vijiti, nao wakinidharau waziwazi.

Washa zilipatikana zote isipokuwa moja. Mkanda ukakaa. Baba alitaka kumpa mzee chochote, mzee akachukua fimbo yake akaondoka na mifugo.

Njia nzima hadi Mpwapwa Baba hakuitaja nondo. Tuliporudi Kizota, kesho yake asubuhi nilikwenda nyuma ya banda la kuku. Ringi ilikuwepo peke yake. Nondo niliikuta ndani ya kifuniko cha injini, imefungwa kwenye bawaba kwa kamba ya katani, mafundo matatu.