Kengele ya kitandani: kumbukumbu ya wiki kumi na mbili

Kabla ya kuanza

Mimi ni fundi redio. Mwanangu katimiza miaka saba na bado anakojoa kitandani; godoro linaanikwa uani kila asubuhi, wapangaji wote wanaliona. Akili yangu haikwenda hospitali, ilikwenda kwenye waya na betri. Mama yake akasema, "Baba Nuru, anza na zahanati, waya zako utazichezea ukirudi." Nimetii.

Zahanati wamepima mkojo: hakuna maambukizi, hakuna sukari. Kisha muuguzi akauliza swali ambalo sikulitegemea, kwamba mtoto anapata choo kila siku? Nikajibu ndiyo. Mtoto akajibu hapana. Kumbe anakwenda mara mbili kwa wiki, tena kigumu, maana choo cha shule hakitaki na cha nyumbani kiko mwisho wa ua, gizani. Utumbo ukijaa unakibana kibofu, nacho kinashindwa kubeba mzigo wake. Miaka yote hiyo naanika godoro, hilo halijanipitia kichwani.

Jioni nikampigia mama yangu Pangani. Alicheka mpaka simu ikakoroma. "Na wewe je? Ulikojoa mpaka la nne!" Hakuna aliyewahi kuniambia. Muuguzi alishasema jambo hili hutembea kwenye damu: mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo hufika kama 40 kwa 100, na wakiwa wote wawili hupita 70. Mama Nuru anaapa yeye hakuwa. Haya, tumwamini.

Wiki ya 1 na ya 2: daftari na kopo

Nimekata chupa ya maji, nikaichora mistari ya mililita. Hesabu waliyonipa ni umri, ongeza moja, zidisha kwa 30. Wa miaka saba anategemewa kubeba kama mililita 240. Mkojo wake mkubwa kabisa wa mchana umefika 130. Anafurahia kupima kuliko mimi, ananiita hata nikiwa na mteja.

Daftari limetuumbua sisi wazazi. Shuleni hanywi chochote. Akirudi ndipo anafidia: maji, kisha chai ya rangi vikombe viwili kwenye chakula cha usiku, na tikiti juu yake. Hatukumpunguzia maji, tumeyahamisha. Chupa inakwenda naye shule, chai imebaki ya asubuhi. Papai kila siku, pamoja na dawa ya kulainisha choo tuliyopewa. Chumbani nimeweka ndoo yenye mfuniko na taa ndogo, asivuke ua usiku. Godoro limevikwa nailoni nzito ya kufunikia meza.

Usiku mkavu: wiki ya kwanza mmoja, ya pili mitatu. Kengele hata sijaitengeneza.

Wiki ya 3: kengele

Betri mbili za saa ya ukutani, volti 3 tu, transista moja (swichi ndogo ya umeme), king'ora kidogo, na nyaya mbili zilizoshonwa kwenye kitambaa chini ya shuka, zisiguse ngozi. Mkojo ukilowesha kitambaa, umeme unapita, king'ora kinalia. Umeme wa ukutani hauna kazi hapa, hata chaja ya simu sikuiruhusu karibu na kitanda hicho.

Wazo si langu. Mwaka 1904 daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler aliunda kifaa cha kuwaita wauguzi mtoto akilowa, wambadilishe. Akashangaa kuona watoto wenyewe wanaanza kuacha.

Usiku wa kwanza kikalia saa tano. Shuka kavu. Jasho! Joto la Tanga halikuwamo kwenye mchoro wangu. Nimeongeza rezista, kipunguza umeme, ya kilo-om 10 ili unyevu mdogo usiiamshe transista. Baada ya siku nne nyaya za shaba zikawa za kijani, mkojo una chumvi. Sasa nazibadilisha kila Jumamosi.

Usiku wa pili kikalia kweli. Nikaamka mimi, mama yake, ndugu yake Nuru, na jogoo wa jirani. Mwenyewe akageukia ukutani akaendelea kukoroma.

Nilitaka kukitupa. Lakini ndivyo vinavyoanza: watoto hawa wana usingizi mzito, na wiki za mwanzo anayeamshwa na kengele ni mzazi, ambaye naye anamwamsha mtoto. Kumbeba hadi kwenye ndoo akiwa amelala hakumfundishi kitu. Kwa hiyo kila jioni tunakubaliana neno la siri. Kengele ikilia namkalisha, namuuliza. Usiku ule lilikuwa "pweza". Akajibu "Simba", akalala. Nikamwinua tena.

Wiki ya 6

Doa linapungua. Lilikuwa shuka nzima, likawa la chapati, juzi la kitumbua. Maana yake anashtuka na kukata mkojo katikati. Neno la siri anapatia.

Bibi yake amekuja kututembelea. Kwake shida ni kwamba tunamwacha achezee moto jioni, na dawa ni fimbo. Nimemwambia, "Mama, ungekuwa na fimbo ya kumfikia aliyelala, nami ningeitumia." Amenuna hadi Isha. Mtoto hakojoi kwa makusudi, na hofu haikazi kibofu. Kazi yake ni kunisaidia kukunja shuka asubuhi, basi, bila hotuba. Nyota ya kwenye daftari anaipata kwa kwenda kwenye ndoo kabla ya kulala, si kwa kuamka mkavu, maana hilo la pili haliko mikononi mwake.

Wiki ya 9

Harusi ya shangazi. Soda tatu. Usiku miwili imelowa, na choo kimefunga tena. Tumerudi kwenye papai.

Wiki ya 12

Kipimo ni usiku 14 mfululizo mikavu ndipo kengele itolewe. Tuko wa 11. Kopo linasoma 220. Mara mbili wiki hii ameamka mwenyewe kabla ya kengele. Nimesikia mfuniko wa ndoo, nikabaki kitandani nimetulia kama mwizi nisimharibie.

Jana jioni kaja na king'ora mkononi: "Baba, betri zimeanza kuchoka, badilisha."