Usiguse hiyo soksi

Jumatatu ya sikukuu ya Mtakatifu Brigid (tangu 2023 Jamhuri ya Ireland huwa mapumziko) nilimpeleka bibi ninayemtunza kwenye kisima cha huyo mtakatifu, pale Tully, nje kidogo ya mji wa Kildare. Bibi ana miaka 84 na magoti yamechoka, lakini siku hiyo kiti cha magurudumu alikikataa katakata.

Visima vitakatifu nchi hii inasemekana ni kama 3,000. Hiki chenyewe kidogo tu. Kilichonishika macho ni mti: vitambaa, riboni, rozari, leso, hata kamba za viatu, vimefungwa kila tawi. Soksi moja ya mtoto ilikuwa imedondoka matopeni. Mimi na mazoea yangu ya kazi, nikainama niiokote nikaitupe.

"Usiguse! Utaondoka na ugonjwa wa mwenyewe."

Akanifundisha. Unachovya kitambaa majini, unapangusa panapouma, unakifunga mtini. Kikioza, maradhi nayo yanakwisha. Ndiyo maana zile riboni za nailoni zilimuudhi: "Hizi zitaoza lini? Watu wanataka kuumwa milele?" Yeye alikuja na kipande cha shuka la pamba, kakichana mwenyewe jana yake. Tukazunguka polepole kufuata jua, kisima kikiwa mkono wa kulia. Ukizunguka kinyume, alisema, unajitakia balaa.

Sikucheka. Kwetu Muheza kulikuwa na mbuyu wenye vitambaa vyekundu na vyeupe, vigae vya vyungu chini yake, na ukiokota kitu pale shauri yako. Bibi mzaa baba alikuwa akienda kufukiza ubani. Tukimfuata, katekista anatucharaza: ushirikina huo! Sasa hapa Kildare, mbele yetu kwenye foleni alisimama sista mzima, rozari mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili. Nilitamani katekista angekuwepo.

Tulirudi na maji ya kisima kwenye chupa ya soda. Baridi ilikuwa kali, nikayamimina kwenye birika la umeme nimpikie chai. Aliniona kabla sijabonyeza.

"Hayo hayachemki, mwanangu. Hata ukikesha."

Nikayarudisha kwenye chupa taratibu, yasimwagike hata tone, nikafungua bomba.