Mtu wa Theluji Mlangoni Kwetu

Kwetu Moshi theluji tuliitazama kwa mbali. Asubuhi mawingu yakifunguka unaiona Kibo nyeupe kule juu, na wewe huku chini unatafuta kivuli cha mgomba. Leo naiondoa kwa koleo mlangoni kabla ya kwenda kazini.

Niko St. Paul, Minnesota, Marekani, mwaka wa sita sasa. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na kwa Mchaga mwezi huo ni mgumu kuliko yote. Huko nyumbani mabasi ya Moshi yamejaa, ndugu waliotawanyika mwaka mzima wanarudi kihambani, mbuzi anachinjwa, watoto wanajuana na binamu zao. Wewe huku madirisha yamefungwa, hita inaunguruma, na mtaa umenyamaza kana kwamba watu wamehama.

Lakini wenyeji wa hapa baridi hawaiachii iwatawale. Tamasha lao la majira ya baridi lilianza mwaka 1886. Mji jirani, North St. Paul, una mtu wa theluji aliyejengwa kwa plasta, urefu wake futi 44, ukipita kwa gari unamwona juu ya kila kitu. Na barazani kwa watu, karibu kila nyumba, kuna wadogo wa mbao waliopakwa rangi nyeupe. Mzee jirani yangu, fundi mstaafu, ndiye aliyenieleza: mti wa Krismasi unatolewa Januari, lakini huyu si wa Krismasi, ni wa baridi. Anakaa mpaka Machi.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano aliponiuliza, "Baba, mbona kwetu hakuna mtu mlangoni?"

Swali hilo lilinigusa. Mimi ni mtoto wa seremala. Nimekulia kwenye karakana ya baba, maranda hadi kwenye vifundo vya miguu, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kupiga msasa miguu ya viti. Miaka yote hapa sikuwa nimeshika msumeno hata mara moja. Jumamosi ile nikaenda kununua mbao tatu za paini, zile zinazoitwa za inchi sita. Ukizipima zinatoka tano na nusu, kwa sababu kiwanda kimeshazipiga randa. Nikazipanga ubavu kwa ubavu, nikazishika kwa vipande viwili vya kukingama kwa nyuma. Hapo niliweka skrubu peke yake, bila gundi. Baba alikuwa akisema ubao unapumua, ukiubana kila mahali utapasuka, na nyumba za hapa zikiwashwa hita zinakuwa kavu sana.

Miduara tuliichora kwa vyombo vya jikoni. Kichwa kwa sahani, kifua kwa mfuniko wa sufuria, tumbo kwa beseni. Binti alishika penseli, mimi nikakata kwa msumeno wa umeme, kisha tukapiga msasa mpaka kingo zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Tulipaka rangi kwenye chumba cha chini, maana nje rangi ya maji haikauki kwenye baridi ile. Macho hatukuyachora kwa nywele za brashi. Unageuza brashi, unachovya kitako cha mpini kwenye rangi nyeusi, unagusa ubao mara moja, unanyanyua. Linatoka duara kamili. Binti alilirudia jambo hilo kwenye gazeti jioni nzima.

Tukamtoa nje, tukafurahi. Baada ya wiki tatu nikaona doa la njano kifuani, kisha la pili karibu na jicho. Kila palipokuwa na kifundo cha ubao, utomvu ulikuwa umepenya rangi. Nikaongeza rangi nyeupe, doa likarudi. Iliniuma, kwa sababu mbao ndicho kitu kimoja niliamini nakijua. Baadaye nilielewa kwa nini sikujua hili. Karakana ya baba haikuwahi kupaka kitu rangi nyeupe. Mgrevilea ule, mninga ule, tulitaka mteja aone mistari ya mti. Huku kazi ilikuwa kuificha.

Mzee jirani alimwona mtu wetu akiwa na madoa yake, hakusema kitu. Kesho yake alikuja na kopo. Alipolifungua nikasimama. Ilikuwa harufu ya vanishi ya shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ileile aliyotumia baba kung'arisha viti, akiipaka kwa pamba iliyofungwa kwenye kitambaa, akizungusha mkono taratibu bila kuunyanyua. Baba alifariki kabla sijaondoka Tanzania. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimekutana na harufu ile. Nilimwambia mzee naomba dakika moja, nikapanda juu jikoni, nikarudi.

Tulikwangua rangi ya zamani kwenye vifundo, tukapaka shelaki mara mbili, ikakauka upesi, kisha nyeupe juu yake. Madoa hayakurudi tena. Mzee akanionyesha pia kuchanganya tone la buluu pembeni mwa miduara, ili tumbo lionekane limejaa. Vanishi ya juu iwe ya maji, kwa sababu ile ya mafuta inageuka manjano. Na kule chini, mahali ubao ulipokatwa na nyuzi zake zimeachwa wazi, unapaka mara tatu, nne, kwa sababu ndiko unakonywea maji.

Skafu ilitoka kwenye kanga ya mama iliyochakaa, aliyonifungia chapati siku ya safari. Nilichana upande wa jina: Mgeni njoo mwenyeji apone. Ilipozungushwa shingoni yalibaki maneno mawili kwa mbele, MGENI NJOO. Nikamtumia mama picha. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, huyo uliyemvisha kanga yangu mbona umemwacha nje na baridi yote hiyo? Mwingize ndani ale."

Mzee jirani naye aliuliza maandishi yale yanasema nini. Nilipomweleza aliyasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka akayapata. Jumamosi iliyofuata alibisha hodi akiwa na mbao tatu begani, za mjukuu wake. Binti alishashuka chini kabla yetu, na sahani mkononi.