Nilivyopata Simu ya Kutafutia Kashe Msituni Bila Mtandao

Nimechoka kuambiwa kwamba GPS haifanyi kazi bila bando. Nimeambiwa hivyo na wauza simu watatu, fundi mmoja, na shemeji yangu, ambaye kwa mambo mengine ni mtu wa kutegemewa. Si kweli. Setilaiti ziko juu huko, zaidi ya kilomita 20,000, zinatuma mawimbi usiku na mchana, na kazi ya simu ni kusikiliza tu, kama redio. Hakuna anayekukata salio. Hata ukizima mtandao wote ukaiacha kwenye hali ya ndegeni, simu bado inajua ulipo. Inachokosa ni ramani na maelezo, na hivyo ndivyo vya kuandaa mapema.

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaotembea milima ya Usambara, naanzia Lushoto. Mchezo wa jiokashingi nilifundishwa na wazee wawili Wajerumani, mke na mume, wastaafu. Mtu anaficha kikopo chenye daftari dogo ndani, anatangaza vipimo vya mahali pake kwenye tovuti, nawe unakwenda kukitafuta, unasaini, unakirudisha palepale. Ulianza Mei 2000 huko Oregon, Marekani, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Kikopo chenyewe kinaitwa kashe.

Simu yangu ya kwanza ya kazi hiyo niliinunua kwa ushauri wa watu. Kamera tatu nyuma, kioo kikubwa, laki mbili na ushee. Kampuni siitaji. Usiku wa kuamkia safari nilikaa kwenye waifai ya hoteli walikofikia wale wazee, nikafungua kurasa za kashe nane, moja baada ya nyingine, nikaziacha wazi nikiamini nimezihifadhi. Asubuhi tukapanda msitu wa Magamba. Ukungu ulikuwa mzito, hata mbega tuliwasikia tu bila kuwaona. Tulipovuka mgongo wa kwanza mtandao ukakatika. Nikafungua ukurasa wa kwanza, simu ikajaribu kuuvuta upya, ikaleta weupe. Wa pili, weupe. Zote nane hivyohivyo. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba simu yenye RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, huzitupa kurasa ulizoacha wazi ili ipate nafasi ya mambo mengine. Ukurasa uliofunguliwa si ukurasa uliohifadhiwa.

Nilikuwa na karatasi yenye vipimo vya kashe moja na picha ya skrini ya kidokezo chake. Nikaingiza vipimo kwa mkono, tukaenda. Mshale wa programu ulinielekeza vizuri nilipotembea, lakini nikisimama unaganda, nikigeuka haugeuki nami. Katika mteremko wenye miti iliyosongamana huwezi kutembea mita 20 moja kwa moja ili mshale upate akili. Saa nzima tulizunguka bonde ambalo, kumbe, halikuwa lenyewe.

Mama akaiomba ile karatasi. Akaangalia simu, akaangalia karatasi, akaniita pembeni taratibu asinifedheheshe mbele ya mumewe. Vipimo vya jiokashingi huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Ukiona 47.350, hiyo si dakika 47 na sekunde 35. Ni dakika 47 na theluthi moja na kidogo, yaani sekunde 21. Kosa la sekunde 14 linakupeleka zaidi ya mita 400 kutoka kwenye kashe, na mita 400 za Usambara si mita 400 za Mombo, kule chini tambarare.

Tulipofika mahali sahihi muda ulikuwa umekwisha. Kidokezo huandikwa kwa herufi zilizobadilishwa ili usikisome kwa bahati mbaya: A inakuwa N, B inakuwa O, hivyo hadi mwisho. Mzee akaandika mistari miwili kwenye daftari lake, A hadi M juu, N hadi Z chini, akaanza kufumbua. FGBAR, akapata neno la Kiingereza la jiwe. Mawe yalikuwa mengi kuliko miti. Tukarudi bila kusaini, na kesho yake waliondoka. Sikulala vizuri siku ile. Walikuwa wametoka mbali na mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi.

Kwa hiyo niliposhuka Dar nilikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikiwa na jambo moja kichwani: dira. Bila kihisi cha dira ndani ya simu, mshale hauwezi kujua umegeukia wapi. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na kwenye boksi hawaandiki kwamba haimo. Muuzaji wa kwanza nilipomuuliza akanijibu, "Kaka, dira si ipo Play Store? Unapakua tu." Wa pili akasema vilevile. Dira haipakuliwi! Kihisi kama hakimo, programu itakuchorea mduara mzuri usiozunguka.

Basi nilitoka na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Kila simu niliyopewa niliweka programu ndogo ya kusoma vihisi, kwa bando langu, kisha nikaisogeza sumaku taratibu. Simu yenye dira namba zake zinaruka papo hapo. Isiyo nayo haina hata mstari wa kusoma. Kijana wa duka la tatu aliniona akaniambia, "Kaka, unaniharibia mzigo." Nikamwonyesha. Simu mbili za bei karibu sawa, moja inaruka, moja kimya. Akaanza kuzileta mwenyewe, moja moja, akitaka kujua. Tulipima 12, na 7 hazikuwa nayo. Ukikuta Samsung huhitaji hata programu wala sumaku: piga *#0*#, gusa sehemu ya vihisi, utaona sindano. Zungusha simu, nayo izunguke.

GPS haipimwi ndani ya duka la zege. Nilimwomba tutoke barabarani, akanisindikiza akiwa ameishika simu mkononi kwa tahadhari, sikumlaumu. Tukafungua GPSTest, ambayo ni ya bure na inakuonyesha setilaiti moja moja. Nilitaka ishike GLONASS ya Warusi na Galileo ya Ulaya pia, ambazo ni setilaiti za kazi hiyohiyo, maana ukiwa chini ya miti kila setilaiti ya ziada ni msaada. Kama mfuko wako unaruhusu, tafuta inayopokea mawimbi ya setilaiti kwa masafa mawili, yanayoitwa L1 na L5. Mimi haukuruhusu.

Nilichukua Samsung ya mtumba, laki tatu na nusu hivi baada ya kuvutana, yenye sehemu ya memori kadi na betri ya mAh 5,000. Kava lenye kifungo cha sumaku nililirudisha, kwa sababu linapotosha dira. Na baada ya kuichezea kwa sumaku, ichoree simu namba 8 hewani mara kadhaa hadi dira itulie.

Maandalizi sasa nayafanya kwenye c:geo, programu ya simu ya kutafutia kashe. Mwanachama wa kulipia wa Geocaching, ile tovuti ya mchezo, anaweza kuomba orodha ya hadi kashe 1,000 kwa mkupuo mmoja, ikaja kama faili la GPX, aina ya faili la kubebea vipimo vya mahali, nami naliingiza kwenye c:geo: maelezo, vidokezo, na walichoandika waliotangulia. Vipimo sigusi kwa mkono tena. Ramani ni ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, naishusha nzima kabla. Halafu nazima mtandao nikiwa bado mezani na kufungua kashe moja moja kuhakikisha. Kabla ya kuondoka naiacha GPS wazi nje kwa dakika chache nikiwa na mtandao, ili simu ijue setilaiti ziko wapi. Ikianza bila msaada huo bondeni, itakuweka sana.

Mwezi uliofuata nilirudi Magamba peke yangu, simu kwenye hali ya ndegeni tangu Lushoto. Mahali penyewe sipataji, wengine nao wapate raha yao. Ukungu ulikuwa uleule. Nilisimama, nikageuka, na mshale ukageuka nami. Ukaniacha mita sita kutoka jiwe moja lenye kuvu upande mmoja, na nyuma yake kulikuwa na rundo la vijiwe lisilo la kawaida. Daftari lilikuwa na unyevu kidogo. Nikasaini, nikakipanga kikopo kama nilivyokikuta. Betri ilikuwa asilimia 81.

Picha ya lile jiwe niliwatumia Mama na Mzee nilipofika barabarani, mtandao uliporudi. Walikuwa wamesimama hatua tatu tu kutoka pale.