Maana ya fofofo

Nilikuwa darasa la sita mwalimu wetu wa Kiswahili alipolifikia neno fofofo katika somo la tanakali za sauti. Giza totoro, kimya jii, nyeupe pe na kulowa chapachapa tulikuwa tumeyapita bila taabu, maana hayo kila mmoja wetu alikuwa ameyaona au kuyasikia mwenyewe. Fofofo ndilo lililotukwamisha, kwa kuwa ubaoni lilifuatana na vitenzi viwili, kulala na kufa, na tulitaka kujua vimekutania wapi.

Mwalimu akaweka chaki chini, akalaza kichwa mezani, mikono ikaning'inia. "Huyu amelala fofofo," alisema akiwa amefumba macho. "Mwiteni, haitiki; mfinyeni, hageuki." Kisha, bila kujisogeza hata kidogo, akaongeza: "Na huyu amekufa fofofo. Mwiteni, haitiki, mfinyeni, hageuki." Tukauliza tutawatofautisha vipi. "Wa kwanza akiamka atawagombeza kwa kumfinya," alijibu. "Wa pili akiwagombeza, kimbieni!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa ametoka msibani wiki ileile, hakucheka. Alinyosha mkono, akasema: "Mwalimu, babu yangu alilala fofofo, akafa fofofo, usiku huohuo." Mwalimu akainuka, akampa pole, kisha akamwomba ruhusa ya kuiandika sentensi hiyo ubaoni.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Clement Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu, aliyatambua maneno ya namna hii kuwa kundi linalojitegemea katika istilahi zake za mwaka 1935, nami nafurahi kuwa yalipewa heshima hiyo. Hata hivyo, sijapata maelezo yanayolishinda somo lile. Ukisema fofofo maana yake ni "kabisa", hujakosea, lakini jaribu kusema mtu amekula fofofo au amekimbia fofofo, uone wasikilizaji watakavyokushangaa. Neno hili linataka mwili usioitika, na mwili huo mwalimu alituwekea mezani tukauona.

Tulipokuwa tukinakili, yule mwenzetu aliuliza kama sentensi yake ingekubaliwa kwenye mtihani. Mwalimu akamwambia aiandike vilevile, bila kupunguza neno, na kwamba msahihishaji atakayeikata ndiye anayepaswa kurudi darasani.