Ninavyoandaa slaidi za taarifa ya mikopo

Slaidi iliyojaa aya huwapa watu kazi mbili zinazogombea mlango mmoja. Mwaka 1974 wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kuwa kumbukumbu tendaji, ile inayoshika mambo kwa muda mfupi tunapoyafanyia kazi, ina sehemu inayoshughulikia maneno na nyingine ya picha. Maneno tunayoyasoma kimoyomoyo huingia kwenye sehemu ileile inayopokea sauti ya msemaji, kwa hiyo mtu akisoma, hakusikii. Picha haina ugomvi huo.

Basi taarifa ya mikopo kwa mkutano mkuu wa SACCOS naianzia kwenye karatasi, kabla ya kugusa kompyuta. Naandika hoja tatu tu, kila moja sentensi kamili: "Marejesho yameshuka tangu msimu wa mvua." Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba akili hushika kama vitu 4 kwa pamoja; kwa hiyo nikiacha nafasi moja wazi, swali la mwanachama halifukuzi hoja.

Sentensi hiyo ndiyo kichwa cha slaidi. Chini yake ni grafu moja, na jedwali lenye safu zote huenda kwenye kablasha. Kablasha ligawiwe siku kadhaa kabla, maana wanachama wana haki ya kuzikagua hesabu. Likigawiwa mlangoni, watu watafunua kurasa huku unazungumza.

Nguzo zote za grafu ni kijivu isipokuwa ile ninayoizungumzia, nayo ni ya machungwa. Hedwig von Restorff alionyesha mwaka 1933 kuwa kilicho tofauti na wenzake ndicho kinachokumbukwa. Ukiongeza rangi ya pili na ya tatu, umeiua faida hiyo. Tumia kijivu kilichokolea: kwenye ukumbi wenye madirisha wazi, projekta hukifuta kabisa kijivu hafifu.

Kila hoja ikiisha, nabonyeza herufi B kwenye PowerPoint, kioo kinakuwa cheusi. Nauliza: "Marejesho yameshuka kwa nini?" Majaribio ya Roediger na Karpicke ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka walibaki na mengi kuliko waliorudia kusoma. Shida ni ukimya: wasemaji wengi huukimbia na kujijibu wenyewe, na zoezi linakufa. Mimi nawaacha waambizane na jirani, kisha mmoja ajibu. Akikosea, narekebisha palepale kabla ya kuwasha kioo, kwa kuwa kosa lisilosahihishwa nalo hukumbukwa.